Mkono Ukishuka, Kuzeni

Jumanne, 1 Julai

Baba Nashipae,

Mazoezi tena. Nimeosha sufuria ya mwisho ya githeri, nimetoka jikoni kwa shule saa kumi, nimeenda ukumbini aproni ikiwa bado mkobani. Baridi ya Kitengela mwezi huu inaingia hadi mifupani. Mabati yanapiga kelele, malori ya barabara ya Namanga yanapiga kelele, na sasa kuna kelele ya tatu. Inaitwa Mwangi.

Ndiye wamemleta mahali pako. Ametoka kwa ile okestra ya Nairobi tutakayoimba nayo Kajiado tarehe ishirini na sita. Amesomea ng'ambo. Ana kijiti cheupe cha kuongozea na anakitunza ndani ya kasha, kama miwani. Wewe uliongoza kwa penseli.

Leo tulifika ukurasa wa kumi na saba, pale sauti inapoanza chini na kupanda polepole mpaka ukumbi ujae. Akainua mkono wa kushoto. Sisi tukapunguza. Akainua zaidi. Tukapunguza zaidi. Mwishowe alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, mkono uko juu kabisa, na watu arobaini wananong'ona.

Parmuat wa besi alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilifurahi. Wacha niandike ukweli: nilifurahi kwa ubaya.

Jumamosi, 5 Julai

Mwangi ameuliza nani alitufundisha hivyo. Nilijibu mimi, kwa sababu wengine walikuwa wanatazama viatu.

Nilimweleza. Septemba mwaka jana ulisimama mbele yetu ukasema, kuanzia leo nikishusha mkono wa kushoto, kuzeni sauti. Ukasema fahali akitaka kunguruma huinamisha kichwa, hakiinui. Parmuat akanguruma kule nyuma kwenye besi, watu wakafa kwa kicheko. Ilituchukua wiki tatu. Sasa imekaa mwilini. Mkono ukishuka tunakua, ukipanda tunafifia. Hatufikirii.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini mama, dunia nzima mkono ukipanda, sauti inapanda. Okestra itapanda, nyinyi mtashuka. Tutakuwa kichekesho."

"Kwani dunia nzima ilizaliwa Kitengela?" Parmuat akauliza.

Watu wakacheka tena. Mwangi hakucheka. Alisema tuko na mpaka Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Tusipobadilika, okestra itakuja na kwaya yake kutoka Nairobi. Alisema si yeye ameamua.

Miaka sita. Miaka sita ulikaa kwenye meza yangu ya kukandia chapati ukigeuza noti za yule mtunzi Mjerumani ziwe solfa, herufi za do re mi, ili watu wa hapa waweze kuzisoma. Kurasa tisini, sauti nne, kwa mkono. Muziki ulipobadilisha ufunguo katikati ya mstari ulifuta ukaanza upya, na vumbi la kifutio likaingia kwenye unga wangu. Ulitaka kitu kimoja tu. Isikike Kajiado, mahali ulipoanza kufundisha, na okestra nzima nyuma yake. Sasa wageni waje waiimbe kutoka kwenye vitabu vyao?

Nimechoma chapati zote.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani sikumsalimia Mwangi.

Mama Wanja, mwenyekiti wetu, alinishika mkono mlangoni. "Alto wanakuangalia wewe. Ukigeuka, watageuka. Na waimbaji wa teno wanasikiliza alto." Najua. Ndiyo maana sitageuka. Nguo zako nimegawa. Kitanda nimehamisha. Hiki kimebaki kwenye miili yetu na huyu kijana anataka kukitoa.

Sitageuka.

Jumanne, 8 Julai

Mwangi anajua kazi. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Nilitaka awe saa ya ukutani, ahesabu tu. Siyo. Anavuta pumzi kabla yetu na sisi tunajikuta tumevuta. Mahali pa huzuni anachelewa, anachelewa, unafikiri wimbo utakatika, halafu anauachilia na hakuna aliyebaki nyuma. Ulikuwa ukisema kuongoza muziki huu ni kuchelewa bila kumpoteza mtu njiani. Ulisema mkono wa kulia unahesabu na wa kushoto unaomba. Nilifikiri ni wewe peke yako unayejua.

Ukurasa wa kumi na saba ukaharibika kama kawaida.

Watu walipokuwa wanapanga viti alinijia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Nashipae, samahani nikuulize. Mwalimu alikuwa na shida ya mkono?"

Nikamwambia aende akamuulize mamake.

Sijawahi kumtukana mtu namna hiyo.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi, kabla ya kazi. Siwezi kuacha kufikiri.

Kifungo cha mkono wa shati. Wa kushoto. Ulianza kuniomba nikufungie, nikadhani ni mapenzi ya uzeeni.

Chai uliinywa kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto uliulaza mezani kama kitu cha mtu mwingine ulichoachiwa ukiangalie.

Gamubuti. Ulikaa kwenye kiti mlangoni ukaniambia leo sivai, matope si mengi. Yalikuwa mengi.

Ndoo. Uliacha kubeba mbili.

Nimetoa kitabu chako cha solfa kabatini. Ukurasa wa kumi na saba una mshale unaoelekea chini. Nimeuweka dirishani kwenye mwanga. Karatasi hapo ni nyembamba, imefutwa. Chini yake kuna mshale mwingine, wa zamani, unaoelekea juu.

Nimefungua kurasa zote tisini. Kila mshale uliokuwa unapanda, uliufuta.

Hakukuwa na fahali.

Alhamisi, 10 Julai

Nilimpigia Parmuat simu. Alileta lori analoendesha mpaka nyuma ya jiko la shule wakati wa chakula, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Ngoto Nashipae, nisamehe."

Agosti mwaka jana alikupeleka hospitalini Kajiado mara mbili. Kiharusi kidogo. Daktari alisema kikubwa kinaweza kufuata. Ukamwapisha Parmuat asiseme. Ukamwapisha Mama Wanja pia, kwa sababu alikukuta umekaa chini ofisini mwa kanisa. Wengine wote uliwapa fahali. Mimi pia ulinipa fahali.

"Alisema ukijua utamtoa kwaya."

"Ningemtoa!"

"Basi ndiyo hiyo, mama."

Miezi saba. Machi ulianguka kwenye mfereji na mimi nikaja mbio nikisema umeteleza, umeteleza, simama. Nilikuwa nailaumu sabuni. Parmuat alijua. Mama Wanja alijua. Walisimama kaburini wakanishika huku na huku, na walijua.

Nilimwambia atoke. Alitoka, lakini alimaliza sahani ya githeri kwanza.

Jumamosi, 12 Julai

Sikuenda mazoezini. Nimefua mapazia yasiyo na uchafu.

Si Mwangi. Ni wewe. Nimekukasirikia wewe na sina pa kwenda kukuambia.

Januari ulichukua muda mrefu kuvaa koti. Nilikuwa mlangoni, nimechelewa. Nikasema, "Wewe umezeeka vibaya." Nikacheka. Na wewe ukacheka. Uliniacha nicheke. Unajua hilo ni jambo gani kumwachia mtu?

Ningekufungia kifungo nikijua ninachofunga. Hivyo tu. Nilikuwa nataka kujua ninachofunga.

Nashipae alipiga simu kutoka Ngong. Nikamweleza yote. Akasema, "Yeyo, mama yangu, ungemtoa kwaya angekufa Novemba." Nikamkatia simu. Mtoto wangu mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Nilienda. Nilikuwa nimeamua kwenda kukaa tu.

Ukurasa wa kumi na saba. Mwangi akainua mkono, alto wakanitazama, sauti ikazama. Hakufoka. Aliweka kijiti kwenye kasha, akakaa kwenye benchi, akainamisha kichwa. Nikaona amechoka. Jumamosi ni hii inayokuja. Nikaona kwaya ya Nairobi imesimama Kajiado mahali petu, na kurasa zako tisini ziko kabatini na sahani.

Nikasimama. Nikasema, "Nipe dakika kumi."

Sijawahi kusimama pale mbele. Katika maisha yangu yote ya kwaya nimeona migongo ya soprano na uso wako. Kumbe kutoka huko unaona watu arobaini wamevuta pumzi na hawataitoa mpaka mkono wako uwaambie. Wamekupa pumzi zao uzishike. Nikaelewa kwa nini hukuwa tayari kuondoka hapo. Sijakusamehe, lakini nikaelewa.

Niliwaambia. Nilisema mkono wa Mwalimu ulikuwa nusu umekufa, haungeweza kupita kifua, ndiyo maana akatufundisha kukua ukishuka. Nilisema alituficha. Mtu kwenye soprano akasema "Woi." Mama Wanja akaanza kulia. Sikumtazama.

Kisha nikainua mkono wangu wa kushoto. Sijui kuongoza. Niliuinua kama mtu anayetaka kumpiga mtu, na mtu huyo ulikuwa wewe. Sauti zikaanza kufifia, kwa mazoea.

"Msinionee huruma," nikasema. "Imbeni!"

Mara ya pili vibaya. Mara ya tatu besi walikuja kwanza. Parmuat, macho mekundu, shingo imejaa. Halafu tena. Alto wangu mwisho, kwa sababu ni wakaidi, wamefundishwa na mimi. Niliupandisha mkono mpaka bega likauma, na sauti ikaja nao. Ikapita mabati. Sikusikia lori hata moja.

Tukarudia mara saba. Bega bado linauma ninapoandika. Mkono mzima, na unauma. Wako ulikuwaje?

Jumamosi, 19 Julai

Mkuu wa okestra alikuja kutusikiliza. Mwangi aliinua, tukakua. Alishusha, tukafifia. "Mko ndani," Mwangi akasema. Basi.

Parmuat amenguruma kama fahali. Hakuna aliyecheka sana, lakini ilikuwa vizuri kwamba amenguruma.

Nilimwomba Mwangi msamaha kwa lile la mamake. Alisema alimuuliza kweli, na mamake amesema nina haki. Aliomba kuona kitabu chako. Alipofika pale karatasi ilipo nyembamba alipitisha kidole mara moja, akafunga, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mama Wanja bado sijaongea naye. Hasira ipo. Imepunguza sauti tu.

Jumapili, 27 Julai

Nyumbani. Nimekaa mezani, unga haujatolewa.

Jana ilikuwa Kajiado. Ukumbi ulijaa, wazee wa mashuka mekundu mstari wa mbele, walimu wenzako wa zamani nyuma yao. Fidla karibu yangu kiasi cha kusikia vidole vikisugua nyuzi. Nashipae alikuja kutoka Ngong, akakaa kando ya mlango. Nilimwona anatazama dari ili asilie. Wewe ulikuwa ukifanya hivyo.

Ukurasa wa kumi na saba mkono ulipanda, na sisi tukapanda nao, na okestra ikapanda. Sikujua kama wimbo ni mkubwa hivyo. Ulijua. Uliusikia wote pale mezani, peke yako, na mimi nikikulalamikia vumbi la kifutio.

Mama Wanja aliniletea maji wakati wa mapumziko. Nikayanywa.

Mwishoni kabisa, mkono unashuka na sauti zinafifia mpaka zimalizike. Tulifanya mazoezi sana ya hapo. Mwangi alishusha. Wote wakafifia vizuri. Mimi nilikua. Si sana. Pumzi moja. Mwili ulikumbuka kabla sijauzuia. Mwangi alinisikia, akanitazama, na hakubadilisha uso. Aliuacha mkono pale chini kidogo zaidi, akachelewa, mpaka nikamaliza.

Kisha kimya. Kisha watu wakasimama.

Kitabu chako nimekirudisha kabatini. Mishale ya ukurasa wa kumi na saba sijaigusa, wa juu na wa chini.

Nimekuimbia ulivyotaka, Baba Nashipae. Huko uliko, unikumbuke.