Alama Ninazomsomea Suleiman

Ijumaa, 5 Septemba 2025

Mume wangu! Bado nalipenda neno hili, nalirudia hata nikiosha vyombo. Leo mume wangu kanipa kazi. Hotelini yeye ndiye huwafundisha wageni kupiga uta, na akirudi hapa Mtongwe hufanya mazoezi yake uwani: magunia yaliyoshindiliwa makumbi, karatasi ya duara juu yake. Kanunua daftari. Tarehe, umbali, upepo, alama. Amesema niandike mimi, eti mwandiko wangu unamtuliza. Unamtuliza! Nasimama kando ya magunia, natangaza kila mshale ulipoingia, kisha naandika. Katikati ni kumi. Na akiuvuta ule uta, mabega yale — basi, nisiandike.

Jumanne, 9 Septemba

Mita kumi na tano. Upepo mdogo. Nane, tisa, nane. Wa mwisho ukatoka nje ya karatasi kabisa, upande niliosimama mimi. Nikacheka. Akauliza ngapi, nikamwambia sifuri. Uso wake ulivyoanguka! Hata samaki wa kupaka hakumgusa, na nilimpika kwa mahaba yote. Sitaki kuuona tena uso ule.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo mshale umekwenda kuchoma mpapai ulio nyuma yangu. Nimesikia upepo wake sikioni. Suleiman akauliza ngapi.

Nikasema tisa.

Akatabasamu kama siku ya nikahi. Hakuja kutazama. Ananiamini! Nikauchomoa upesi, nikaandika tisa. Ni tisa ya mapenzi, itamdhuru nani?

Jumapili, 14 Septemba

Mavyaa, Bi Mwanatatu, aliniona jana toka jikoni. Asubuhi kaniita tukune nazi, kumbe ana lake. Akanieleza kuhusu marehemu mumewe. Kwanza alikuwa akipapasa kikombe. Kisha akilalamika kuwa taa hafifu. Alipofikishwa hospitali wakasema ni presha ya macho, nayo imekwisha kula sehemu kubwa ya kuona kwake. Alikuwa na umri huu huu wa Suleiman.

Nikasema Suleiman ni uchovu tu. Akaiweka nazi chini, akanitazama.

"Jana usiku nimemwambia tena aende akapimwe macho, mwanangu, akanijibu: mke wangu asema napiga tisa."

Nikaendelea kukuna. Nimejikuna kidole.

Jumatano, 17 Septemba

Margret, mkubwa wake wa burudani hotelini, amelipitia daftari letu la alama, ambalo tangu Jumamosi nalijaza tisa za mapenzi, na kufurahi mno. Jumapili tutawaonyesha wageni mchezo, sisi maharusi wapya: mke anashika puto, mume analipasua kwa mshale. Likienda vizuri Suleiman anaajiriwa moja kwa moja, si kibarua tena. Kaniinua juu nikagonga kichwa kwenye fremu ya mlango! Tulicheka hadi machozi.

Nilifungua kinywa nimwambie. Akanitangulia: hakuna mtu aliyewahi kumwamini kama mimi. Nikasema inshallah.

Baadaye kajimiminia chai pembeni mwa kikombe. Nikaipangusa meza kabla hajajua.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwomba twende kwanza kwa daktari wa macho. Kauliza kwa nini, na tisa zote hizi? Kanibusu paji la uso. Paji lenyewe alilikosa kidogo.

Jumapili, 21 Septemba

Hotelini. Naandika nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja, daftari hili langu la siri nimelikinga kwa mkoba. Wageni wamejaa, wengine wameshainua simu. Mavyaa hakuja. Alitushika mikono mlangoni, akasoma dua, akageuka akaingia ndani bila kuaga.

Suleiman kavaa shati jeupe. Mzuri jamani, mzuri!

Nilikuwa nimeazimia. Nikamfuata pale anapokaza kamba ya uta, nikamshika mkono, nikaanza: Suleiman, zile tisa — Akanikatiza, kwa sauti ya chini, karibu na sikio langu.

"Ukishafika pale, mpenzi, nisemeshe. Sema lolote, usinyamaze. Nikikusikia nitajua puto liko wapi."

Basi anajua. Anajua! Tangu lini? Na ile tisa ya mpapai?

Nikimwambia Margret sasa hivi, kazi imekwenda, na mbele ya watu wote hawa. Nikinyamaza, hatajua alenge wapi. Nikisema, atalenga sauti yangu.

Margret ananiita kwa kipaza sauti, bibi harusi, bibi harusi, na wageni wanapiga makofi. Puto jekundu limeshafika mkononi mwangu. Naandika kwa mkono mmoja, bado nimekaa, sijanyanyuka. Suleiman yuko upande wa pili, kasimama tayari. Anatabasamu lile tabasamu lake la nikahi, anapunga mkono kwa mahaba — anaipungia nguzo.