Kifaransa Juu ya Ua wa Minyaa

Mwanangu Paskalina, kitinda mimba wangu,

Nakuandikia huko Ufaransa kwenye baridi, lakini barua hii naiandika wazi. Nimemwambia katekista akipenda aibandike kwenye ubao wa kigango, watu waisome wakitoka misa. Wanaosema Mama Paskalina anajisifu wamesema kweli. Kwa nini nisijisifu? Nani mwingine hapa Karatu amezaa mtoto anayeingia na Kifaransa mlango huu, akatokea na Kiingereza mlango ule, na njiani hajamwaga kitu?

Nina habari ya mti wa baba yako. Nitakuja nayo taratibu, maana wengi watakaosoma hawakuwepo siku ile.

Unakumbuka ulivyoanza? Yule sista wa kutoka Burundi alikufundisha Kifaransa mkipalilia bustani ya masista, neno kwa jembe, neno kwa jembe. Ukaja likizo unawasemesha ng'ombe kwa lugha hiyo. Baba yako akacheka mpaka akakaa chini: "Huyu dume akishazoea, wewe ukirudi shule nani atamwita zizini?" Mbele yako alikutania hivyo. Nyuma yako alikuwa anakutaja mnadani hata kwa watu ambao hawakumuuliza.

Shule ilipoisha ukapata kazi kwenye bustani ya miche, kule mashamba ya kahawa upande wa Oldeani. Mtaalamu Mfaransa alikuwa amekuja na kitabu chake cha kubebesha miti, yaani kupachika kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu. Bwana shamba, kijana wa Bukoba, Kiingereza alikuwa nacho, Kifaransa hana. Katikati yao ukakaa wewe, kitabu kitoke Kifaransa kiingie Kiingereza, mabwana shamba wa kila mahali wakisome.

Na ulikuwa na tabia yako ambayo mpaka leo nawahadithia watu. Hukuandika neno la Kiingereza mpaka uone mkono unavyofanya. Jumapili ulikuja nyumbani na kisu, ukachonga vijiti vyangu vya kuni huku ukinieleza. "Mama, ule mti wa chini Wafaransa wanauita mbebaji. Waingereza wanasema shina, basi." Nikakuuliza inakuwaje watu wanatazama mti mmoja wanaona vitu viwili. Ukaniambia, "Ndiyo maana lazima nione kwanza. Nikiandika nisichokiona, mtu atakata mti wake kwa kosa langu."

Kisha masika yakaja na kumchukua baba yako. Na masika hayohayo maji yakatuama kwenye mizizi ya mparachichi wake, ule alioubeba begani kutoka Mbulu ukiwa mche. Majani yakaanguka upande mmoja, halafu wa pili, likabaki tawi moja la kijani. Wewe uliyajua yale maparachichi: kisu kinaingia kama kwenye samli iliyoganda. Hata Wamasai wa Nainokanoka wakija mnadani walipita kwetu kuyabadilisha na maziwa. Nilikuwa nimetupa kokwa nyingi nyuma ya nyumba na miche ilikuwa imeota, nikadhani tumepona. Ukatikisa kichwa. Kokwa haizai tunda la mama yake, ulisema. Ni lazima vikonyo vya tawi lile vibebeshwe juu ya ile miche, kabla tawi halijakauka.

Kumbe tulikuwa tumefungwa. Sisi Wairaqw nyumba yenye msiba inajitenga mpaka muda wake utimie: cha ndani hakitoki, wa nje haingii. Ndiyo, sisi ni Wakristo, lakini bibi yako, aliyemzaa baba yako, hakutaka mchezo. Ulipomwomba upeleke vikonyo kule bustanini, wataalamu wakafanye wenyewe, alikujibu bila kugeuka: "Nimemzika mwanangu. Nikaambukize na watu wengine kifo?" Nawe hukubishana naye. Hapo nilikupenda zaidi, mwanangu. Watoto wengi waliosoma wangemwambia bibi amepitwa na wakati.

Ndipo tukasikia gari nje ya ua. Mfaransa na bwana shamba wamekufuata. Kitabu kimekwama kwenye sura ya kubebesha kwa kupasua shina, na Mfaransa alikuwa karibu kurudi kwao. Ukasimama huku ndani ya ua wetu wa minyaa, wao kule nje. Nilidhani utalia. Badala yake ukawaambia, "Sura hiyo tutaifanyia hapahapa. Mtaalamu aseme, mama yangu afanye, bwana shamba aandike."

Mimi! Nilishika kisu. Mfaransa anapaza sauti Kifaransa juu ya ua, wewe unamgeukia bwana shamba kwa Kiingereza, unanigeukia mimi kwa Kiiraqw, na hukuchanganya hata mara moja. Majirani wakajaa kwenye kilima cha ng'ambo. Mama Yosefina akapiga kelele, "Mama Paskalina, umeanza shule?" Nikamjibu, "Ndiyo, na mwalimu wangu nilimnyonyesha mwenyewe!"

Kuna mahali Mfaransa alisema neno, wewe hukulitafsiri. Bwana shamba akangoja kalamu juu. "Dada, niandike nini?" Ukasema, "Usiandike bado. Namwambia akate nione." Mfaransa akavunja kijiti cha mnyaa, akakichonga ncha pande mbili kama kabari, utomvu mweupe ukamtiririka mikononi. Ukaangalia, ukachonga chako, ukakishika sawa na chake. Ndipo ukatamka Kiingereza chake. Huyo ndiye binti yangu.

Tukafika kwenye kuziba kidonda. Mfaransa akasema wao wanapaka marhamu ya mtakatifu wao, msimamizi wa watunza bustani. Bwana shamba akauliza inauzwa wapi, Arusha au Nairobi. Ukamuuliza Mfaransa imetengenezwa na nini. Uliponitafsiria nilicheka nikasahau msiba: udongo wa mfinyanzi na mavi ya ng'ombe! "Mwambie mtakatifu wake ni Mmbulu kama sisi," nikasema, "maana ndicho ninachokandikia nyumba." Bwana shamba akataka kuandika jina la yule mtakatifu. Ukakataa. "Andika udongo na mavi ya ng'ombe. Atakayesoma kule Malambo mtakatifu huyo hamjui, lakini ng'ombe anao."

Kikabaki cha kufungia. Mfaransa alikuwa na kamba laini garini, lakini kupokea kitu juu ya ua nako ni mwiko. Vikonyo vilikuwa vimeshachomekwa, vinakauka tunaviona. Ukamgeukia bibi yako. Hukumwomba chochote, ulimwangalia tu. Akaingia ndani, akatoka na shuka la baba yako, lile jekundu la kuchungia. Akachana upindo wake kwa meno, utepe baada ya utepe. "Hili ni la ndani," akasema. "Lifunge la ndani."

Ulifunga ukilia. Bwana shamba akauliza tena aandike nini, nawe ukamwambia kwa sauti isiyotetemeka: kitambaa laini, kifungwe kikaze, kisinyonge.

Mti wa baba yako ulikauka, unajua. Miche mingine nayo ikanyauka. Miwili ikashika, ukaiacha mirefu kama goti siku ulipoondoka kwenda kusoma zaidi, ukaniambia nisiihukumu mpaka izae.

Basi mwaka huu mmoja umezaa. Maparachichi mawili tu, lakini nilikuwa nayachungulia kama mama wa mtoto mgonjwa. La kwanza nilipolikata, kisu kiliingia bila kugusa kitu. Nikampelekea bibi yako, ambaye siku hizi meno hana. Akala, akafumba macho muda mrefu. Nikamuuliza, "Mama, ni lenyewe?" Akasema, "Nipe chumvi."

Akalimaliza lote. Kisha akasema, "Lile lingine usimpe mtu. Ni la Paskalina." Nikamwambia Ufaransa ni mbali, litaoza njiani. Akafikiri. "Basi ulile wewe," akasema, "halafu umwandikie lilivyo, kama yeye alivyotuambia ya yule Mzungu."

Nimelila, mwanangu, nimekaa pale baba yako alipokuwa akikaa. Ni lenyewe.

Mungu akukumbatie mahali ambapo mikono yangu haifiki.

Ni mimi mama yako, mwanafunzi wako wa uani.