Pini ya Bastola ya Konrad

Erfurt, 3 Machi 1931

Mpendwa Ottilie,

Matufaa yamefika, ila meno yangu yameyakataa.

Marehemu baba yako Konrad aliporudi kutoka vitani, nilimkuta asubuhi moja ametia mdomo wa bastola kinywani. "Dada Hedwig, una sura kama umeona mzimu," akacheka. "Nilikuwa naionja tu." Alipokwenda kunyoa, nikaichomoa pini inayogonga risasi; bastola za aina hiyo nilikuwa nikiziunganisha kiwandani. Sikumwambia.

Miaka miwili baadaye wezi walivunja mlango. Watu husema aliganda kwa woga. Si kweli. Alivuta kifyatulio mara mbili, nilisikia, kabla hawajamuua.

Pini hii hapa. Namba yake ni ileile ya bastola uliyorithi. Ukinihukumu, kumbuka ni katika miaka ile miwili ndipo alipokufundisha kusoma.

Shangazi yako,
Hedwig