Zamu Yetu ya Mwakani

Jumapili, mwezi Januari, mwaka wa tatu tangu Azimio

Mvua imegoma na jua nalo limegoma. Tangu asubuhi kuna wingu zito juu ya Nshamba, na roho yangu imekaa vilevile. Nimerudi jana kutoka Bukoba na sijamwambia mtu nilichokisikia huko. Mama ameniuliza kama naumwa. Nimemjibu kuwa ni uchovu wa lori.

Niandike tangu mwanzo, nisije nikajidanganya baadaye.

Huku kwetu tuna timu nne za mpira za vijiji jirani. Zamani kila Januari ziligombania vijana waliomaliza masomo na kurudi nyumbani, mpaka siku moja watu wakarushiana mawe mbele ya padri. Ndipo tukakubaliana kwenda kijamaa. Timu iliyoshika mkia kwenye mashindano ya Saba Saba inachagua kijana kwanza, inafuata iliyo juu yake, na bingwa anachagua mwisho. Mnyonge anainuliwa kabla ya mwenye nguvu. Mimi ni golikipa wa Nshamba, na huo ndio utaratibu pekee ambao sijawahi kuutilia shaka.

Mwaka huu wa kwanza kuchagua ni Ijumbi. Na mwaka huu kuna Deo, mshambuliaji aliyerudi kutoka Mwanza, mrefu, mwenye kichwa ambacho mpira hukifuata wenyewe. Kila timu inamtaka.

Jumatano jioni Ta Leonidas, mwenyekiti wa timu yetu, alituita nyumbani kwake. Akatupa kahawa za kutafuna na lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Mtu akinikirimu kabla ya kusema shida yake, mimi hushika kofia yangu. Nilikunywa kidogo, nikangoja.

Akasema Ijumbi wako tayari kutuachia zamu yao ya kwanza ili tumchukue Deo. Sisi tuwape zamu yetu ya mwakani na ile ya mwaka unaofuata. Wenzangu wakashangilia kama vile kombe limeshafika. Mimi nikauliza: Ijumbi wameshika mkia, wana njaa ya magoli kuliko sisi, kwa nini wauze chakula?

Beki wetu mmoja akasema mimi hata nikipewa ndizi mbivu huuliza nani ameimenya.

Lakini mimi nimekulia kwenye butura. Marehemu baba aliwahi kuuza kahawa yetu ingali maua, kwa sababu alitaka bati msimu uleule. Bati likaja, likang'aa, majirani wakalisifu. Kisha kahawa ikaiva, na tukaichuma sisi wenyewe, kwenye kibanja chetu wenyewe, tukaimimina kwenye magunia ya mtu mwingine. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka baba hakutoka ndani siku ile. Kuuza zamu ya mwakani ni butura tupu, ila safari hii maua ni watoto wa watu.

Nikalisema hilo wazi. Ta Leonidas ndiye anayesimama kwenye mikutano ya ushirika kutukataza butura, kwa hiyo nilijua litamwingia. Aliweka kibuyu chini taratibu.

"Respisi, waitu, sikiliza," akasema. "Tukiwa na Deo tunachukua kombe. Tukichukua kombe, mwakani tunachagua mwisho. Kwa hiyo tunachowauzia Ijumbi ni makombo."

Nakiri kuwa ni hoja nzuri. Ndiyo maana sikuipenda.

Maana tukilikosa kombe je? Deo akivunjika mguu mwezi wa nne, au akiitwa kazini Mwanza? Hapo tutakuwa tumeuza mlo kamili tukidhani ni makombo. Halafu mtu mmoja, hata awe Deo, hawezi kupiga kona na kuiunganisha kwa kichwa mwenyewe. Mwalimu wetu alitufundisha usiache mbachao kwa msala upitao. Ta Leonidas naye akatoa yake, chelewa chelewa utakuta mwana si wako, na watu wakaicheka yangu.

Kwetu jambo la timu halipiti mpaka wachezaji wa zamani wote wakubali. Wote wamekubali isipokuwa mimi. Nilipewa mpaka kesho.

Basi nikaanza kuchunguza. Kwanza nilimchunguza Deo. Alhamisi nilimvizia akipanda ngazi za kanisa, nione kama goti lina kasoro. Akazipanda mbilimbili, tena akiwa amembeba bibi yake mgongoni. Nikajiona mjinga, lakini nikajiambia pengine ni goti lile jingine.

Kisha nikamgeukia Ta Leonidas. Nikasikia kwamba kabla ya mwaka kwisha atahamia Bukoba kikazi. Hapo nikapiga paja. Mtu anayehama anauza zamu ambazo hatakuwepo kuzingoja. Kombe atalipata yeye, picha atapiga yeye, na mwakani sisi tutabaki tunachagua wale waliobaki baada ya wenzetu kushiba. Sijui kwa nini hakuna mwingine aliyeliona hilo. Pengine wameliona na lubisi ikawanyamazisha.

Lakini kuna jambo ambalo sikulisema mbele ya watu.

Mwisho wa mwaka huu mdogo wangu Fidelis anamaliza kidato cha nne. Anasoma Bukoba, anakaa kwa shangazi yetu huko Ijuganyondo, pembeni ya mji. Mpira wake nimeuona mimi peke yangu huku kwetu, kule bondeni nyuma ya migomba, na nimemficha kama mtu anavyoficha mkungu wa kuivisha. Watu wakimuulizia nawaambia amezama kwenye vitabu. Nia yangu ilikuwa mwakani Nshamba imchukue kimyakimya, hata tukiwa wa tatu kuchagua. Magoti yangu hayana miaka mingi tena. Nilitaka msimu mmoja tu, mimi golini, yeye mbele, mama akiwa kwenye nyasi amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Kwa hiyo sikuwa na hakika kama napinga kwa ajili ya timu au kwa ajili yangu.

Ijumaa nahodha wa Ijumbi, Pastory, alileta baiskeli kwenye kibanda changu nimzibie pancha. Nikiwa natafuta tundu kwenye maji, akaniuliza kama Fidelis bado anapiga kwa mguu wa kushoto. Aliuliza kwa upole tu, kama anayeuliza habari za nyumbani. Mikono yangu ikasimama ndani ya karai.

Amejuaje? Na kama Ijumbi wanamjua Fidelis, basi biashara nzima iko wazi. Hawatuuzii Deo kwa sababu ya upendo. Bila Deo watashika mkia tena, mwakani watamchagua Fidelis kwanza kabisa, na bado watakuwa na zamu yetu juu yake. Nikasema huyu ni Ta Leonidas, amemuuza mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Usingizi haukuja, nilikuwa napanga maneno ya kumwaibisha mkutanoni.

Jana alfajiri nikapanda lori la kahawa kwenda Bukoba. Nilitaka kumwonya Fidelis asimwambie mtu lolote kuhusu mpira wake.

Nilimkuta Ijuganyondo akipalilia kibanja cha shangazi. Amerefuka. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba, nikamweleza yote, Deo, zamu, Pastory, hila ya Ta Leonidas. Alinisikiliza akichokonoa udongo kwa kidole. Nilipomaliza hakunitazama.

"Ni mimi niliyemwambia Pastory, kaka. Wakati wa Krismasi. Nilimwomba watafute njia wanichukue."

Nilidhani anatania. Nikamuuliza Ijumbi wamempa nini.

"Hawajanipa kitu," akasema. "Nikicheza mbele ya goli lako, utakuwa unanitazama mgongoni dakika zote tisini. Nikikosa goli utauliza nani amenituma nikose. Nyumbani ndivyo tunavyoishi, kaka. Uwanjani nataka kupumua."

Nilifungua mdomo nimkatalie. Kisha nikakumbuka likizo iliyopita alivyochelewa kutoka kisimani, nami nikalinusa shati lake kama lina sigara. Lilinuka maji na majani. Sikumwomba radhi, nilimwambia tu awahi siku nyingine.

Imeniuma. Nimeandika ukurasa mzima wa kumshuku Leonidas, na Deo, na goti la Deo, na aliyenikimbia ni yule niliyekuwa namlinda. Shangazi alitupakulia ndizi na maharage, tukala. Wakati wa kuagana Fidelis alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mfuko, akasubiri lori pamoja nami. Hakuonekana kuwa na chuki hata kidogo. Hilo ndilo lililonishinda zaidi.

Kesho asubuhi Ta Leonidas atapita kibandani kuchukua jibu.

Mpaka sasa naamini biashara ile ni mbaya. Zamu mbili kwa mtu mmoja ni nyingi, na anayeziuza anahama. Nikikataa nitakuwa nasema kweli, lakini nitakuwa nimemfungia Fidelis mlango, na hakuna mtu, hata mimi, atakayejua nimekataa kwa sababu ipi. Nikikubali, timu yangu itaumia ili mdogo wangu apumue.

Nitakubali. Nitamwambia Ta Leonidas kwamba hoja yake ya makombo imeniingia, na atajisifu mwezi mzima.

Na mwakani siku ya kucheza na Ijumbi, Fidelis akija peke yake na mpira kwenye mguu wake wa kushoto, nami nimesimama golini, hatimaye nitamtazama usoni. Je, nitaruka kwa nguvu zangu zote?