Siku Rehema Alipoongeza Sentimita Kumi na Tisa kwa Dakika Tano

Jumatano. Alfajiri ilinyesha mvua kidogo, ile ya mwisho wa msimu isiyojua kama iondoke au ibaki, kisha jua likawaka mpaka matope ya uwanjani yakapasuka. Nimeoga, nimekula, nimesali, na bado kuna chaki kwenye kucha zangu. Sitaki itoke.

Leo nimesema mbele za watu.

Nianze mwanzo, maana nikianza na furaha sitafika popote.

Niko kidato cha tatu. Kwenye timu yetu ya wasichana ya mpira wa wavu mimi sichezi, naandika. Mwaka jana kocha wetu, Mwalimu Fulgensi, alinikuta nimekaa pembeni ya uwanja na kitabu, akanipa daftari na kusema kama ni kukaa, nikae na kazi. Naandika nani amekuja, nani amepiga ngapi, nani ameumia. Wananiita Katibu. Nadhani wengine hawajui jina langu la ubatizo, nami sijawahi kuwasahihisha.

Kapteni ni Devota. (Amenipa ruhusa nimwandike, mradi nisiseme ni wa mtaa gani.) Devota ndiye anayeruka kwenye wavu na kupigilia mpira mpaka wa upande wa pili wanafumba macho. Si mrefu sana. Na hilo, kuwa si mrefu sana, ndilo lililotuingiza kwenye haya yote.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu alikuja mazoezini anacheka peke yake. Alikuwa ameona kwenye simu video za mtu anayejiita Kocha Swala. Mtu huyo anavaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Anauza mafunzo ya kuruka: mwezi mmoja, sentimita thelathini zaidi, hata kama ulizaliwa na miguu mizito. Kuna picha za vijana kabla na baada. Kabla, kijana ananuna na mkono wake haufiki popote. Baada, kijana huyohuyo anacheka na anashika mwamba wa goli.

Mwalimu alinunua mafunzo hayo kwa fedha yake mwenyewe. Naliandika hili kwa heshima, kwa sababu hajanunua viatu vipya tangu niko kidato cha kwanza. Akayachapisha steshenari, kurasa ishirini na mbili. Tukakubaliana Devota aanze peke yake kama jaribio, na akifaulu timu nzima ifuate. Nakala moja akanipa mimi niitunze.

Tatizo la kunipa mimi kitu chenye kurasa ni kwamba nitakisoma.

Ilikuwa ni kuruka tu. Mia tatu kwa siku, Jumapili pia. Kuruka kwa mguu mmoja, kuruka kwa magoti kifuani, kuruka chini kutoka juu ya kitu na kupaa tena. Devota alitumia rundo la matofali nyuma ya nyumba yao. Palikuwa na maneno kwa herufi kubwa: ANAYEPUMZIKA ANARUDI MWANZO. Na mengine: MAUMIVU NI DALILI KUWA MAFUNZO YANAFANYA KAZI.

Alhamisi iliyopita nilimwona Devota akishuka ngazi za kanisa baada ya mazoezi ya kwaya. Alishuka kwa ubavu, ngazi moja moja, mkono ukutani, kama bibi yangu wa Mahenge. Alipogundua namtazama alinyooka haraka.

"Katibu, usiandike," akasema.

"Ni goti?"

"Yote mawili. Usiseme. Ukisema nitakosa Jumamosi."

Jumamosi hii tunacheza na shule ya kijiji cha Mbingu, na mshindi anaiwakilisha kanda yetu. Nikamwahidi. Kwa siku sita nimeibeba ahadi hiyo kama jiwe ndani ya kiatu. Mimi ndiye ninayeandika nani ameumia, na kwa siku sita nimeandika "hakuna".

Nakiri hapa kwa kuwa pale kwenye daftari siwezi kufuta.

Kisha ikaja Jumapili.

Kwetu tumeanza kuvuna. Baada ya misa alikuja mnunuzi wa mpunga na debe lake. Kama umekulia bonde hili unalijua debe la mnunuzi: kitako kimegongwa nyundo kwa ndani mpaka kimetokeza nje, na mpunga unajazwa mpaka unafanya kilima juu. Debe hilohilo haliendi naye sokoni. Sokoni anauza kwa debe lililobonyea, tena anapitisha kijiti juu, fyuu, linakuwa sawasawa. Ananunua kwa kilima, anauza kwa kijiti.

Mama alilitazama lile debe, akalizungusha, akasema, "Baba, debe lako lina mimba. Likajifungue kwanza ndipo urudi nalo. Leo tunapimia langu."

Watu wote uani wakacheka, hata mnunuzi. Mimi sikucheka. Nilisimama na ungo mkononi, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ukurasa wa tatu na ukurasa wa kumi na tisa.

Nikaingia ndani, nikazisoma tena.

Ukurasa wa tatu unaeleza namna ya kujipima siku ya kwanza. Simama ukutani, nyoosha mkono mpaka bega lipande, weka alama. Kisha ruka papo hapo, bila hatua, mkono mwingine nyuma ya mgongo. Weka alama. Tofauti ya alama hizo ndiyo urukaji wako.

Ukurasa wa kumi na tisa unaeleza kujipima baada ya wiki tatu. Simama ukutani, mkono juu, *legeza bega*. Weka alama. Kisha, kwa kuwa sasa wewe ni swala, piga hatua tatu, zungusha mikono yote miwili, ruka.

Alama ya chini imeshushwa. Alama ya juu imepandishwa. Katikati panaitwa mafanikio.

Madebe mawili.

Leo ilikuwa siku ya ukurasa wa kumi na tisa.

Saa kumi jioni timu nzima ilikuwa nyuma ya maabara, kwenye ukuta usio na madirisha. Mwalimu alikuja na futi ya chuma ya fundi na kipande cha chaki, na simu yake ikiwa tayari, kwani Kocha Swala anaomba video za ushuhuda. Devota akapaka chaki vidoleni. Akalegeza bega: mita mbili na sentimita tano. Akapiga hatua tatu, akaruka. Mbili na hamsini na saba. Nikafanya hesabu: hamsini na mbili. Siku ya kwanza ilikuwa thelathini na tano.

Sentimita kumi na saba zaidi! Wenzangu walipiga vigelegele mpaka wapishi wakachungulia. Mwalimu akainua mikono kama aliyefunga goli. Akasema kuanzia kesho timu nzima inaanza, mia tatu kila mmoja.

Ni mimi peke yangu niliyekuwa naitazama miguu. Devota alipotua alikunja uso, akaugeuza ukawa tabasamu.

Nilifikiria kumwandikia Mwalimu barua. Kweli, nilifikiria kichwa cha barua. Kisha nikaona wasichana kumi na mmoja wakiruka kutoka kwenye matofali kuanzia kesho, nami nikiandika "hakuna, hakuna, hakuna".

Nikanyoosha kidole.

"Mwalimu, naomba kumpima Rehema pia."

Halafu mtu nyuma akasema, "Heee! Katibu anaongea!" Mwingine: "Mshikeni asidondoke."

Rehema ni mchezaji wa akiba. Ni rafiki wa kila mtu na adui wa mazoezi. Mara nyingi anafika wakati tunakunja wavu.

"Mimi?" Rehema akasema. "Mimi nimeruka nini? Mimi hata foleni ya chakula siiruki."

"Ndiyo maana nakutaka wewe," nikasema, na kumbe ilichekesha, wakacheka, na kicheko kile kikanishika mkono.

Nilimpima kwanza kwa ukurasa wa tatu. Mkono kunyooka: mbili na nne. Kuruka bila hatua, mkono mmoja mgongoni: mbili thelathini na mbili. Ishirini na nane. Nikaandika ukutani kwa chaki, kubwa, waone wote. Kisha nikasema, "Haya, sasa legeza bega." Moja na tisini na tisa. "Piga hatua tatu, zungusha mikono, ruka." Rehema akaruka akipiga kelele. Mbili arobaini na sita.

"Ni ngapi?" Mwalimu akauliza.

"Arobaini na saba, Mwalimu. Ameongeza kumi na tisa. Kwa dakika tano."

"Na nimekula maharage," akasema Rehema.

Walicheka, ila si wote. Mwalimu hakucheka. Alikuja karibu na ukuta, akasoma namba zangu mara mbili, na uso wake ukaanza kukunjamana. Niliogopa. Nilimfungulia kurasa zile mbili, na maneno yote mazuri niliyoyapanga tangu Jumapili yakaniishia. Likabaki moja tu.

"Mwalimu, ni debe la kununulia na debe la kuuzia."

Hapo sikuhitaji kueleza zaidi. Hakuna msichana pale ambaye kwao hawajawahi kupimiwa kwa debe lenye kitako. Sauti ilipita kwenye timu nzima, "aaah!", kama upepo kwenye mpunga uliokomaa. Mwalimu mwenyewe alilipiwa ada kwa mpunga wa Mlimba, hutuambia kila muhula. Alivua kofia.

"Tumepigwa lumbesa, wanangu, gunia lenye kilima," akasema. "Nami ndiye niliyeshikilia gunia."

Nilitaka iishie pale, lakini Devota alisogea ukutani. Hakuwa anacheka.

"Nipime kama siku ya kwanza," akaniambia.

Sikutaka. Akapaka chaki mwenyewe. Mkono kunyooka, mbili na kumi na moja, kama ilivyokuwa. Akaruka papo hapo. Mbili arobaini na nne. Thelathini na tatu.

Amepungua sentimita mbili.

"Wiki tatu," akasema. "Kwa hiyo nimeruka wiki tatu nzima ili nipungue?"

Nilidhani atanichukia, na angekuwa na haki, maana nilikuwa nimemvua ushindi mbele ya watu wote. Badala yake akakaa chini palepale kwenye majani, akapandisha suruali ya michezo, akatuonyesha. Magoti yote mawili yalikuwa yamevimba, la kushoto linang'aa kama embe.

Mimi sikusema, Devota. Ulisema mwenyewe. Naomba ukumbuke hilo ukisoma hapa.

Mwalimu alipiga magoti. Alimgusa kidogo tu, Devota akavuta pumzi kwa meno. "Tangu lini?" "Wiki ya kwanza, Mwalimu. Iliandikwa maumivu ni dalili kuwa yanafanya kazi." Mwalimu akafumba macho. Akamwomba msamaha. Mwalimu mzima, mbele yetu, akamwambia mwanafunzi, "Nisamehe, mwanangu, nilipaswa kusoma." Kisha akasema Jumamosi Devota hachezi, na kesho anakwenda hospitali, na mafunzo yale hayafanywi na mtu yeyote. Devota alilia. Si kwa ajili ya magoti, nadhani.

"Nani atapigilia?" mmoja akauliza.

Wote wakamgeukia Rehema mwenye arobaini na saba zake za uongo. "Msinitazame hivyo," akasema. "Haya, kesho nitawahi." Na nilivyomtazama, alimaanisha.

Jioni Mwalimu alinipigia kupitia simu ya Mama. Alikuwa ameandika kwenye kundi la wateja wa Kocha Swala maneno machache: kila mtu ajipime siku ya mwisho kwa namna ileile ya siku ya kwanza, kisha aseme ukweli. Akaondolewa kwenye kundi kabla chai yake haijapoa. Lakini mwalimu mmoja wa Mlimba alishayasoma. Alimpigia kuuliza zaidi, kwa kuwa wavulana wake wako wiki ya pili na wawili wanachechemea. Wameacha leo leo.

"Nimemwambia ni Katibu wangu aliyegundua," Mwalimu akasema. Halafu akaniita kwa jina langu la ubatizo. Kumbe analijua.

Sijui kama tutaifunga Mbingu. Bila Devota, pengine hapana. Nimelifikiria hilo tangu jioni, na nimeshangaa kuona sijutii. Wasichana kumi na mmoja wataamka kesho na magoti yao.

Kilichobaki ni kigumu kwangu kuliko ukuta. Mama yake Devota hajui lolote. Devota aliuliza ataanzaje kumweleza, nami nikajikuta namwambia nitakuja saa moja asubuhi, tumweleze pamoja, kisha twende wote hospitali. Mimi, ambaye nikifika kwa watu husimama nje kimya mpaka mtoto au mbwa anione.

Kesho nitapiga hodi. Nisiposikika mara ya kwanza, nitapiga tena.