Baba na sauti ya ekzosi

We umelala? Usilale. Nina hasira.

Ile pikipiki kubwa ya baba imekufa injini. Kaisukuma mwenyewe mpaka nyumbani, na ekzosi mpya, lile bomba la kutolea moshi, limegeuka bluu kwa moto.

Na nilimwambia. NILIMWAMBIA. Jumamosi dukani, alipokwenda kununua hiyo ekzosi ya kunguruma, mbele ya fundi. Baba, ukiweka ekzosi iliyo wazi hivi, injini itavuta hewa nyingi na mafuta kidogo. Nunua na kile kifaa cha kurekebisha mafuta, la sivyo itaungua.

Unaijua sauti yangu ilivyo ndogo. Fundi akainama, "Ati nini, binti? Sisikii." Nikarudia. Akamgeukia baba, "Mzee, ekzosi ni sauti tu. Huyu anataka kutufundisha kazi?"

Na baba akacheka. Baba yangu mwenyewe. Karatasi niliyomwandikia vizuri jina la hicho kifaa akafutia oili mikononi.

Leo ananitolea macho, "Kama ulijua, mbona hukusema kwa sauti?"

Kwa sauti.

Nikamwambia, "Sauti si ulienda kununua wewe."