Msimbo na Majaribio Vinakuja

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua duka, nimewasha mashine ya fotokopi, nimefungua ukurasa wa mradi mtandaoni. Mpangilio ni huo huo kila asubuhi. Ukurasa bado mtupu. Kuna jina, kuna leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kuchukua programu na kuirekebisha, na kuna sentensi moja: "Msimbo na majaribio vinakuja." Wiki ya tatu sasa vinakuja. Vingekuwa vinatembea kwa miguu kutoka Kisangani, vingeshafika hapa Arua.

Mradi ni wa Janvier. Tulisoma naye kozi ya kompyuta. Kwao ni Kongo, lakini anakaa Pajulu, nje kidogo ya mji, na anauza betri za sola. Wazo lake zuri: simu isikilize bomba la kisima, lile la kupiga kwa mkono, na kusema kama mpira wa ndani unaovuta maji umechoka, kabla bomba halijakufa. Mimi kazi yangu ni kumpelekea sauti za mabomba halisi. Sauti hizo, kila moja na jibu lake sahihi, ndizo zitakuwa majaribio. Programu ikijibu tofauti, imeshindwa.

Sitamwandikia leo. Nimemwandikia mara nne.

Jumatano, 5 Februari

Mama amepiga simu kutoka kijijini kwetu, Lurujo. Kamati ya maji itakutana tarehe 26, na jambo la kwanza ni mjomba Rajabu.

Mjomba ndiye fundi wa mabomba yetu tangu alipotoka jeshini. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye paipu, mpini sikioni, anafumba macho, anakwambia mpira una hali gani. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunamfuata bomba hadi bomba kumtazama. Mwezi uliopita alisema bomba la shule ni zima. Siku ya nne likafa, na kina mama wakarudi kuchota mtoni. Sasa kuna wanaotaka fundi mwingine kutoka Koboko mjini.

Mjomba bila mabomba atazeeka kwa wiki moja. Nataka programu ifike kabla ya tarehe 26, aende nayo kwenye kamati. Hilo tu ndilo ninalotaka.

Jumamosi, 8 Februari

Lurujo. Mabomba tisa kwa siku moja, jua kali, vumbi hadi kwenye meno. Kila mahali nilifunga maiki niliyopewa na Janvier kwenye paipu kwa mpira wa tairi ya baiskeli, mama mmoja wa pale akapiga bomba, nikarekodi. Alasiri nikampa mjomba hedifoni, akasikiliza rekodi moja moja chini ya baraza lake. Macho kafumba. "Hii iko muzima." "Hii iko muzima, lakini si sana." Rekodi ya nane alikaa nayo muda mrefu, akatikisa kichwa. "Hii mpira imechoka kabisa. Iko nalia."

Nimemtumia Janvier zote tisa na majibu ya mjomba. Nina furaha. Sasa hana kisingizio.

Jumapili, 9 Februari

Nimesikiliza rekodi za jana nyumbani. Ya nane haina kitu. Waya wa maiki ulikuwa umelegea. Sekunde arobaini za kimya, mwanzo hadi mwisho.

Nimeisikiliza mara tatu, sauti nimepandisha hadi mwisho.

Mjomba hasikii.

Jumanne, 11 Februari

Sijamwambia mtu. Ukurasa sijaufungua, na kwa mara ya kwanza naomba usiwe na kitu. Janvier anajenga juu ya majibu ambayo huenda ni ya kubahatisha. Najua hilo na nimenyamaza. Naona aibu, halafu nakasirika kwamba naona aibu ya mtu mwingine.

Mteja alitaka nakala tano za barua, nikampa hamsini.

Ijumaa, 14 Februari

Ujumbe wa Janvier: "Dada, samahani. Programu yangu inachanganyikiwa na sauti zako, inapata nusu tu. Mimi si mutu wa hii kazi. Kesho nafuta ukurasa."

Anadhani yeye ndiye mbovu. Mimi nimemwacha adhani hivyo siku tano nzima.

Jumamosi, 15 Februari

Nimekwenda Pajulu kwa boda. Nimemkuta Janvier kakaa kati ya betri zake, hajanyoa. Nikamwambia yote, pamoja na rekodi ya nane. Nilitegemea akasirike. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akauliza kama mjomba anajua kwamba mimi najua.

Halafu akafungua laptopu na kunionyesha msimbo. Upo! Ulikuwepo tangu Desemba. Mistari mingi, fujo, maelezo nusu Kifaransa nusu Kiswahili. "Code ilikuwa, lakini haina sura ya kuonyesha watu. Niliona haya." Wiki nne nasubiri kitu ambacho kilikuwa mezani kwake, kimefichwa kwa haya. Nilitaka kumpiga na betri. Nikamwambia mradi huria maana yake ndiyo hii, watu waone fujo yako wakusaidie kuipanga.

Ameahidi kutoufuta. Majibu sahihi ni juu yangu.

Jumapili, 16 Februari

Lurujo. Nimemweleza mjomba, sisi wawili tu. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuzungukazunguka. Yakanipotea. Nikamwambia ile rekodi ya nane ilikuwa tupu.

Alikuwa anafuta bisibisi kwa kitambaa, akaendelea kuifuta. Kisha: "Miaka mbili sasa. Bunduki ilianza, uzee ilimaliza. Kwanza naangalia uso ya ule mama anapiga bomba, halafu nafunga macho. Kama iko natoka jasho, mimi nasema mpira imechoka."

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Sikumwambia. Kilio kilikuwa kimeshafika, kwenye bomba la shule.

Mke wake, mama Asina, alikuwa akitwanga nyuma ya nyumba na alisikia kila kitu, kwa sababu ilibidi nipaze sauti. Alikuja na mchi mkononi. Akasema kwa nini mnahangaika na masikio, ulizeni anayechota wa kwanza asubuhi. Bomba likilala usiku, mpira mbovu unaachia maji yanarudi chini. "Ile yetu, zamani ulipiga mara tatu, maji inakuja. Sasa ni kumi na mbili. Sisi wote tunajua. Hakuna mutu alituuliza."

Mjomba alimtazama mke wake kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Hata mimi niliona aibu. Nilikwenda bomba tisa na kina mama tisa walinipigia, sikumwuliza hata mmoja.

Jumatano, 19 Februari

Hesabu za mapigo ya asubuhi zinaingia kwa simu kutoka kwa kina mama. Bomba la kwanza, tatu. La pili, nne. La shule, lililotengenezwa mwezi uliopita, mbili. La nane, kumi na tano. Mjomba amefungua matatu kuhakikisha, na mipira iko kama kina mama walivyosema. Bomba la nane nimemtuma binamu akalirekodi upya, safari hii waya umekazwa.

Majibu manne kati ya tisa ya mjomba yalikuwa makosa. Nimeyafuta, nimeandika mapya. Siku saba zimebaki.

Jumamosi, 22 Februari

Umefika.

Saa tatu asubuhi, kabla sijawasha fotokopi. Msimbo wote, na fujo yake yote, na folda ya majaribio. Nilikaa tu naitazama.

Ile rekodi tupu sikuitupa. Nimeiweka kuwa jaribio la kumi. Nikaendesha. Nane yamepita, bomba la tano limeshindwa. La kumi limeshindwa pia. Nikaangalia programu imesema nini juu ya zile sekunde arobaini za kimya. Imesema: "Mpira umechoka."

Sawasawa na mjomba! Nilicheka peke yangu dukani hadi machozi. Kisha nikamwandikia Janvier: isiposikia kitu, ni lazima iseme haijasikia.

Jumanne, 25 Februari

Bomba la tano limepita. La kumi bado. Janvier anasema ni rahisi kuifundisha kujibu, kazi ni kuifundisha kukiri. Kesho ni kamati. Nimefunga nguo. Naogopa.

Jumatano, 26 Februari

Nilikuwa nimepanga nianze mimi, na simu. Mjomba alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza salamu.

"Mimi hasikii tena," alisema. "Bomba ya shule ni makosa yangu. Ningesema mapema, watoto hawangekosa maji."

Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyetaka fundi wa mjini, aliangalia karatasi yake. Mama Asina akauliza kutoka nyuma, mikono ya kufungua bomba nayo imekuwa kiziwi? Watu wakacheka, na mjomba, ambaye hakusikia, akacheka kwa sababu wamecheka.

Uamuzi: abaki hadi mvua zianze, halafu wataona. Kila bomba litakuwa na mama mmoja wa kuhesabu asubuhi. Simu itatumika kuhakikisha. Si ushindi mkubwa. Mjomba alikwenda nyumbani na bisibisi yake.

Alhamisi, 27 Februari

Arua. Nimefungua duka, nimewasha mashine, nimefungua ukurasa. Janvier ameweka marekebisho alfajiri. Majaribio kumi, yote yamepita. Ile sentensi ya "vinakuja" ameiondoa.

Kuna faili ya kutaja waliochangia majibu. Jana wakati wa kuagana nilimwuliza mjomba nimwandike vipi. Ilibidi niulize mara mbili. Alisema kwa zile tisa niandike kina mama wa mabomba, kila mmoja kwa jina lake. "Kwa ile ya kimya, andika mimi."

Nimeandika. Jaribio la kumi: rekodi tupu. Jibu sahihi: sijasikia kitu. Limetolewa na Rajabu, fundi, Lurujo.

Mteja wa kwanza anataka nakala mbili za cheti.